Muhula wangu Makerere, na utamu wa kule unakotoka

Dada, umeuliza utakula nini kitamu ukienda Kampala kusoma muhula mmoja kuanzia Agosti, maana umekulia kwenye visheti, kashata na halua, na watu wamekutisha kwamba Uganda ni matoke asubuhi mpaka jioni. Mimi natokea Tanga na nilikaa Chuo Kikuu cha Makerere muhula kama huo nikiwa mwaka wa tatu. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu wiki zangu tatu za kwanza nilizipoteza bure, na sipendi yakupate hayo.

Nilizipoteza kwa kutafuta vya nyumbani. Kila duka la Wandegeya, mtaa ulio jirani na chuo, niliuliza kashata za nazi, nikizunguka mpaka jua linazama. Nazi kule si mazoea. Kazi inayofanywa na tui kwetu, wao wanaifanya kwa karanga za kusaga. Iliki nayo siyo lazima kwenye kila andazi. Nikaandika nyumbani kwamba watu hawa hawana vitu vitamu. Nilikuwa nimekosea kabisa. Vipo tele, ila utamu wenyewe hautoki kwenye kopo la sukari, unatoka kwenye tunda, na zaidi ya yote kwenye ndizi.

Hapo lugha itakukwaza kidogo. Sisi tukisema ndizi tunamaanisha zote. Kule ukiomba "ndiizi" utapewa vile vidogo vya ganda jembamba, jamaa ya ndizi kisukari ya kwetu. Ndefu nene ni bogoya. Ya kuchoma ni gonja, ambayo kwetu ungeiita mzuzu. Matoke ndiyo ya kupika mbichi. Mara ya kwanza niliomba ndizi za kupika, mama muuzaji akanipa kichane cha ndiizi, nikarudi nacho bwenini nikidhani kanionea. Nilipomenya moja nikanyamaza. Nilikula saba nimesimama.

Sasa kabalagala. Hiki ndicho nataka ukishike hata kama mengine utasahau. Ni chapati ndogo za mviringo, nene kidogo, rangi ya kahawia, utaziona kwenye ndoo zenye vifuniko na kwenye makasha ya vioo kando ya barabara. (Ukimuuliza bodaboda "Kabalagala iko wapi" atakupeleka mtaa wenye jina hilohilo, maarufu kwa baa na muziki wa usiku. Sema unataka za kula.) Nilizila mwezi mzima nikiamini zina sukari na mayai. Kisha mwenzangu wa chumbani akanichukua kwao Masaka mwisho wa juma, na mama yake akanikalisha jikoni.

Alichukua ndiizi zilizoiva mpaka ganda limeingia madoa meusi. Zikiwa na ukakasi wowote, alisema, usianze. Akazimenya, akaziponda kwa mkono kwenye beseni muda mrefu mno, mpaka zikatoa maji yake zenyewe na kuwa uji mzito. Hakutia tone la maji. Nilipotaka kumsaidia kwa kuongeza maji alinishika mkono kwa upole. Akaanza kunyunyiza unga wa muhogo kidogo kidogo huku akikanda, mpaka donge likaacha kunata, akatia na pilipili ya unga kiasi cha kuokota kwa vidole viwili. Akasukuma unene wa kama kidole, akakata kwa mdomo wa glasi, akakaanga kwenye mafuta mengi, moto wa wastani. Moto ukizidi zinaiva nje na ndani zinabaki mbichi, kwa sababu sukari ya ndizi inaungua upesi. Ni hayo tu. Nilipong'ata ya kwanza ya moto nikasema "tamu!" naye akasema "kiwooma!" Tukacheka, maana neno lao ni kama letu: kitu chenye sukari na kitu chenye ladha nzuri vyote wanaviita kwa neno moja.

Gonja usiinunue mjini kama unaweza kusubiri safari. Ukipanda basi la kwenda Jinja, litasimama Namawojjolo, na kabla halijatulia utaona wauzaji wamejaa madirishani na mishikaki ya kuku na gonja zimefungwa kwenye karatasi. Chukua iliyoiva sana, ile iliyochomwa mpaka pembeni inang'aa. Mimi kuku niliwaachia abiria wengine.

Fenesi wao wanaita ffene, linauzwa kwa vipande kwenye matoroli mpaka karibu na geti la chuo. Jipake mafuta ya kula mikononi kwanza, ulimbo wake hautoki kwa maji. Simsim, yaani ufuta wetu, utaupata umefinyangwa vidonge na asali au sukari. Wanafunzi wa kutoka Gulu na Lira wakirudi likizo huja navyo, na vya kwao ni bora kuliko vya dukani. Ukiwa na rafiki kutoka Kabale mwombe bushera, kinywaji cha mtama. Siku ya kwanza ni kitamu, kadiri siku zinavyokwenda kinachachuka, kwa hiyo uliza kina siku ngapi.

Novemba utaona watu wanakula senene, wale panzi wa kukaanga. Si vitamu vya sukari lakini onja. Mhaya yeyote wa Bukoba atakushangaa ukirudi hujaonja.

Tahadhari ninayo moja tu, na naisema kwa uchungu. Juisi ya pasheni ya kule ni nzuri kupita kiasi, lakini nilinunua ya mfuko wa plastiki stendi, maji yake sijui yalikotoka, nikaumwa tumbo wiki ya majaribio na somo moja likanishuka vibaya. Juisi kunywa pale unapoona wanakamua na unajua maji yamechemshwa. Tunda zima nunua popote.

Kuhusu kununua: salimia kwanza. "Nnyabo" kwa mama, "ssebo" kwa mwanamume, hata kama ni kijana. Kiswahili wengi wanakielewa kuliko watakavyokuonyesha siku ya kwanza, usimlazimishe mtu. Halafu jifunze neno "enyongeza". Ndiyo nyongeza yetu hiyohiyo. Ukinunua kwa mtu mmoja kila siku atakutilia moja juu bila kuombwa. Mama muuzaji wangu wa mtaa wa Kikoni, aliyekuwa akikaa chini ya mwavuli karibu na hosteli, alianza kunitilia kabalagala ya ziada wiki ya tano. Siku niliyokosa kupita kwa sababu ya lile tumbo la juisi, alimtuma mtoto wake hosteli kuuliza yule msichana wa Tanzania yuko wapi. Nililia, dada. Nilikuwa mbali na kwetu na kuna mtu aliyehesabu siku zangu.

Ukifunga mizigo, weka iliki na kashata chache za nazi. Za kuwapa wao. Mama wa Masaka aliitia iliki kwenye chai ya maziwa na akaniomba nyingine nikirudi.

Mimi siku ya kuondoka nilipitia mpaka wa Mutukula na kopo limejaa kabalagala, zilikaa siku tatu bila kuharibika. Nyumbani zikaisha, nikanunua kisukari sokoni Ngamiani na unga wa muhogo, nikapika mwenyewe. Mama alikula mbili, akauliza nimetia sukari vikombe vingapi.