Kituo huru cha kupima umahiri wa wanagenzi wa umeme: walimu wasiwapime wanafunzi wao

Mwenzetu ameuliza hivi: chuo chake kina karakana nzuri, kina walimu wazoefu, na kila mwaka wanagenzi wa umeme humaliza mafunzo hapo, je, kikifungua kituo cha kupima umahiri, walimu walewale wanaweza kuwa watahini, na mbali na vifaa kinahitajika nini kingine? Nimekuwa mtahini kwa miaka kadhaa, baadaye nikasimamia kituo cha aina hiyo. Kwa swali la kwanza jibu langu ni hapana, ingawa sababu yangu si ile inayowajia wengi haraka.

Watu wakisikia neno "huru" hufikiria rushwa. Katika kazi hii rushwa nimekutana nayo mara chache sana, lakini huruma nimekutana nayo kila wiki. Mwalimu aliyemlea mwanagenzi kwa miaka mitatu anajua kwamba kijana huyu ana mkono mzuri na kwamba wiki iliyopita tu aliifanya kazi hiyohiyo bila dosari, kwa hiyo leo akimwona ameruka hatua, humhesabia kama aliifanya. Hana nia ya kudanganya. Anampa alama fundi anayemfahamu, wala si kazi iliyo mbele yake. Kiwango cha ISO/IEC 17024 cha mwaka 2012, kinachohusu taasisi zinazothibitisha umahiri wa watu, kimelitaja jambo hili waziwazi: kutoa mafunzo na kutoa uthibitisho ndani ya chombo kimoja cha kisheria ni tishio kwa kutopendelea, na taasisi inapaswa kuonyesha jinsi inavyolidhibiti. Sisi tulilidhibiti kwa kuwatoa watahini nje ya safu ya walimu na kwa kupanga asubuhi ileile ni nani atampima nani. Tuliwalipa kwa siku, si kwa idadi ya waliofaulu wala waliofeli. Na hapa niongeze jambo ambalo wengi hulisahau: ada ya kurudia mtihani nayo ni kishawishi, kwa kuwa kituo kinachoitegemea sana kitajikuta kina faida pale watu wanapofeli.

Sehemu inayodhihirisha haja ya uhuru huo kuliko nyingine zote ni ile ya kutenga saketi kwa usalama. Mtahiniwa anapaswa kuitambua saketi, kuizima, kuifunga kwa kufuli na kubaki na ufunguo mwenyewe, kuweka lebo, kisha kuthibitisha kwamba umeme haupo. Uthibitisho huo una hatua tatu: unakijaribu kipimo chako kwenye chanzo unachojua kina umeme, unapima mahali pa kazi, halafu unakijaribu tena kwenye chanzo kile kile. Kwenye bodi ya fezi tatu, mahali pa kazi panadai vipimo kumi, yaani kila waya dhidi ya kila mwingine miongoni mwa fezi tatu, nyutro na ethi. Namkumbuka kijana mmoja aliyefanya vipimo vyote kumi kwa utaratibu wa kupendeza, akitaja kila jozi kwa sauti, kisha akakiweka kipimo chini na kuchukua bisibisi. Hakurudi kwenye chanzo. Mtahini alinifuata ofisini akiniomba tulitazame kama kosa dogo, maana kazi nyingine zote za kijana huyo zilikuwa bora kuliko za wenzake siku ile.

Tulimfelisha sehemu hiyo. Waya wa kipimo ukikatika ndani kwa ndani baada ya jaribio la kwanza, vipimo vyote kumi vitasema hakuna umeme, na fundi atashika kitu chenye umeme huku moyo wake ukiwa umetulia kabisa. Jaribio la mwisho ndilo peke yake linaloifichua hali hiyo. Kwa hiyo kwenye karatasi yetu ya alama hatua hiyo haina nusu wala robo, na haifidiwi na alama za sehemu nyingine. Sijui kama mwalimu wake angeweza kuandika "hajafanya" siku ile. Mimi mwenyewe, kama ningekuwa nimemfundisha, nisingejiamini.

Sasa vifaa, maana navyo vina hila zake. Vibanda vya kufanyia mtihani lazima vifanane hadi urefu wa njia ya kebo, na mtahiniwa mmoja asimwone mwenzake. Kila kibanda kiwe na swichi ya dharura ambayo mtahini anaifikia bila kumpita mtahiniwa, na ugavi wake ulindwe kwa breka ya mkondo unaovuja ya miliampea 30. Hayo ni rahisi. Kinachokula fedha polepole ni mbao za ukutani, kwa sababu zikishatobolewa mara nyingi skrubu hazikamati tena, na mtahiniwa wa mwisho wa mwezi hafanyi mtihani sawa na ule wa mtahiniwa wa kwanza.

Kwenye sehemu ya kutafuta hitilafu tulipata somo lililotuaibisha. Tulikuwa tunaweka hitilafu kwa mkono ndani ya viboksi vya maungio: waya uliolegezwa, fezi na nyutro zilizobadilishana nafasi, kizuizi kidogo (rezista) kilichounganishwa ili kushusha ukinzani wa kihami, yaani uwezo wa ganda la waya kuzuia umeme usivuje. Baada ya miezi michache watahiniwa walianza kuzipata kwa kasi ya ajabu, na nikashuku kwamba maswali yanavuja. Siku moja nikasimama nyuma ya kijana mmoja na kuyafuata macho yake. Hakuwa amegusa kipimo chochote. Alikuwa anatazama skrubu za vifuniko, akaenda moja kwa moja kwenye kiboksi ambacho vichwa vya skrubu vilikuwa na mikwaruzo mipya. Kusema kweli nilimheshimu, kwa kuwa fundi mzuri hutazama kwanza kabla ya kupima. Lakini mtihani wetu ulikuwa haupimi tena kile ulichokusudiwa kupima. Tuliziweka hitilafu zote kwenye kisanduku cha swichi kilichofungwa nje ya kibanda, tukawa tunachagua mseto wa hitilafu kwa kura kila asubuhi, na vifuniko vyote vikawa vinafunguliwa na kufungwa kila baada ya mtahiniwa, viwe vimehusika au la.

Vipimo navyo vinaweza kumdhulumu mtu bila makelele. Sehemu ya IEC 60364, kiwango cha kimataifa cha ufungaji wa umeme majengoni, inayohusu uhakiki, yaani 60364-6, inataka saketi za kawaida za hadi volti 500 zijaribiwe ukinzani wa kihami kwa volti 500 za mkondo mnyoofu, na matokeo yasipungue megaohmu 1. Hapo tofauti ndogo kati ya kifaa na kifaa haimuumizi mtu. Lakini mwendelezo wa waya wa ethi, yaani kama umeunganika mwanzo hadi mwisho, huhesabiwa kwa sehemu za ohmu, na kifaa kimoja chetu kilikuwa na waya za kupimia zilizochoka, zikiongeza karibu nusu ohmu kila mara mtahiniwa aliposahau kuuondoa kwanza ukinzani wa waya zenyewe. Waliosahau walistahili kupoteza alama ya kusahau. Hawakustahili kupoteza na ile ya jibu, na kwa muda fulani ndivyo tulivyowafanyia, hadi tulipolinganisha kumbukumbu za vibanda na kuwaita warudie bila malipo. Tangu hapo mtahini hupima kila kibanda kabla ya saa ya kuanza, huandika thamani halisi pamoja na namba ya kifaa, na thamani hizo ndizo tunazolinganisha nazo majibu ya siku hiyo.

Kuhusu watahini wenyewe, usitosheke na vyeti vyao. Wape wawili kazi ileile iliyokamilika, wapeane migongo, watie alama, kisha uzilinganishe. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, walikubaliana kwenye usalama na wakaachana mbali kwenye kipengele kilichoandikwa "unadhifu". Tulilifuta neno hilo. Badala yake tukaandika mambo yanayopimika: umbali kati ya klipu na klipu, mkunjo wa kebo, shaba iliyo wazi nje ya terminali, skrubu inayozunguka ikikazwa kwa mkono. Mtahini naye afundishwe kunyamaza. Swali kama "Una hakika?" ni msaada tosha kwa mtahiniwa mwerevu, na uso wa kushangaa ni msaada pia.

Anayefeli apewe taarifa inayoonyesha sehemu na hatua aliyokosa, bila kupewa ufumbuzi wa hitilafu, na arudie sehemu hiyo pamoja na kutenga saketi, ambako kwetu hurudiwa kila mara. Rufaa isikilizwe na mtu ambaye hakuwepo kibandani, akiwa na picha za kazi kabla haijabomolewa. Picha hizo zimetuokoa, na mara mbili zimetuumbua.

Kabla ya kumpokea mtahiniwa wa kwanza, waalike mafundi walio kazini kwa miaka mingi wafanye mtihani wako mzima kwa saa zilezile. Wetu walikuwa sita, na wanne kati yao hawakumaliza sehemu ya kufunga nyaya kwa wakati. Tulirudi mezani, tukakuta mchoro unataka paipu ipindwe mara mbili mahali ambapo fundi yeyote mwenye akili angepinda mara moja.