Kona ya Safari: Mama ana goti, tutoke vipi Heathrow hadi Barking?

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko Mombasa, mwezi ujao nampeleka mamangu kwa dadangu anayeishi Barking, London. Tunapanda Kenya Airways ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Dada siku hiyo yuko kazini hawezi kutupokea, anasema tupande treni tu, lakini mama goti linamsumbua, ngazi haziwezi. Kuna mtu kaniambia kuna treni ya dakika 15. Tuchukue hiyo ama teksi?

JIBU: Marahaba mwanangu, Mungu awafikishe salama. Hiyo ni Heathrow Express, na dakika 15 ni kweli, lakini inaishia kituo cha Paddington na Barking iko mashariki huko mbali, sasa mtalipa pesa nyingi halafu mshuke muanze kutafuta treni nyingine na mabegi mkononi. Tena haifiki Terminal 4 na Kenya Airways inatua Terminal 4. Achana nayo.

Kwa goti la mama usiangalie dakika, angalia ngazi. Pandeni Elizabeth line, ile ya zambarau iliyofunguliwa 2022. Mnashuka kwa lifti hapo hapo Terminal 4, mnaingia, mama anakaa kwenye kiti chake mpaka Whitechapel bila kubadilisha. Whitechapel pia lifti ipo, fuateni alama za treni ya Hammersmith & City, ya pinki kwenye ramani, inayoelekea mashariki, someni kibao kimeandikwa Barking basi mpande, hapo ndio mwisho wake. Treni ya kijani ya District nayo inafika lakini mi ningengoja ya pinki.

Kama pesa ni kidogo kuna njia ambayo wageni wengi hawaijui: treni ya Piccadilly line mpaka kituo cha Hammersmith, mkishuka District iko upande wa pili wa platifomu hiyo hiyo, hatua chache tu, mnapanda ya kuelekea Upminster inawapeleka mpaka Barking. Bei ni nafuu zaidi ila ni mwendo mrefu, na mama atakuwa ametoka kwenye ndege masaa karibu tisa, kwa hivyo mi naona ni bora muongeze pesa.

Tiketi si lazima mkanunue, mnagusa kadi ya benki kwenye geti, lakini kila mtu na kadi yake, moja haitoshi watu wawili. Na hapa ndipo watu wanaumia: ukigusa kwa simu wakati wa kuingia, gusa kwa simu hiyo hiyo ukitoka, kwa sababu ukitoa kadi, hata kama ni akaunti moja, mashine inaona ni watu wawili tofauti na unakatwa nauli ya juu mara mbili.

Teksi naikubali kama mna mabegi zaidi ya mawili, ila dada aiagize kabla na bei ijulikane, sababu kukata London nzima jioni foleni ni ndefu sana. Niandikie mkifika unambie goti la mama limeendaje.