Sisi ni kikundi cha kuku

Wiki hii mmeuliza, "Ndugu zako walipokupa kisogo, ni kina nani walikushika?" Nimesoma majibu ya wenzangu, wengi ni jumuiya ya kanisa, wengine ni wamama wa msikiti, kuna mmoja ati ni timu ya mpira, mazuri yote. Langu mimi ni kikundi cha kuku. Msicheke kwanza.

Kwa makaratasi ya serikali sisi ni kikundi cha akina mama cha kufuga kuku wa kienyeji, watu ishirini na watatu, Nairobi upande huu wa mashariki. Ukweli ni kwamba sote ni wanawake tunaopenda wanawake, wasagaji kama mnavyotuita mkikasirika, na hao kuku walikuja tu kwa kubahatisha, nitawaambia.

Mimi nimezaliwa Mombasa, Majengo. Sitaeleza vile nilitoka nyumbani, ni hadithi ndefu na haina jipya, mtu aliona simu, mtu akamwambia mtu, kufika magharibi nguo zangu ziko nje kwa mfuko wa sandarusi. Nikapanda basi ya usiku. Nairobi nilikuwa na mtu mmoja tu ninayemjua, na huyo mtu ndiye aliyekuwa akiwakaribisha wenzake Umoja kila Jumapili, tulikuwa watano, hii ni 2011. Chai na mahamri. Mahamri nikipika mimi, wale wengine walikuwa wakileta mkate wa duka bila hata aibu. Tunapiga porojo, tukichoka kulia tunacheka, na kila mtu anatoa mia mbili, tunampa mmoja, Jumapili ijayo mwingine, merigoraundi kama ile ya mama yeyote Kenya hii. Hakuna aliyesema tunaanzisha harakati. Kodi ndiyo ilikuwa inatusumbua.

Halafu mmoja wetu akashikwa na tumbo usiku, kumbe ni kidole tumbo, tukamkimbiza hospitali na pale wanataka ndugu wa kutia sahihi. Mpenzi wake amesimama hapo anatetemeka, hawezi kujiita chochote, yeye ni nani? Nikasema mimi ni binamu. Wallahi tangu siku hiyo nimekuwa binamu ya watu saba wa makabila manne, kuna nesi mmoja aliniangalia mimi na buibui langu akamwangalia mgonjwa mtoto wa Nyeri akauliza huo ubinamu umepitia wapi, nikamwambia kwa upande wa mama. Akaandika.

Pesa sasa. Zilikuwa zinakaa kwa simu ya mweka hazina wetu, mpaka siku kakake akaona salio akaamua hizo ni za familia. Tukasema tufungue akaunti ya kikundi. Benki ikataka cheti, na cheti kinatoka kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, na ofisi inataka katiba, inataka muhtasari wa mkutano, majina ya wanachama na viongozi, sawa, hayo yote tukaandika vizuri, mpaka mahali pameandikwa lengo la kikundi. Kimya. Tuliangaliana. Unaandika nini hapo? Kukaa pamoja Jumapili bila kuogopa? Mweka hazina akachukua kalamu akaandika kufuga kuku, kwa sababu kwao Vihiga ndiyo kitu anajua.

Tukapata cheti. Baada ya miezi mitatu afisa akapiga simu, anataka kuja kuona mradi.

Hatukuwa na kuku hata mmoja! Ile wiki sitaisahau, tulikwenda sokoni Burma tukanunua kuku thelathini, tukawapeleka Utawala kwa mmoja wetu mwenye kaploti, fundi akapigilia mbao usiku na tochi ya simu, na asubuhi afisa alipofika kuku bado walikuwa wanagombana hawajuani. Alikuwa mzee mzuri sana, akatupa somo la saa nzima la chanjo, hatukusikiliza, mdondo ukapita ukazoa ishirini. Waliobaki tukaona haya kuwachinja. Leo wako mia mbili na kitu na mayai yanalipa kodi ya chumba kimoja hapo hapo Utawala ambacho hakina mwenyewe, ufunguo unakaa na mwenyekiti, ni cha yule atakayekuja na mfuko wa sandarusi. Wamepita kumi na tisa mpaka sasa. Mdogo kabisa alikuwa na miaka kumi na nane, alishuka kwa basi na begi la shule na sufuria, sijui kwa nini alibeba sufuria, hata yeye hajui.

Sasa wengine mtauliza mbona mjifiche nyuma ya kuku, si mahakama iliruhusu. Ngoja nieleze manake watu wanachanganya haya mambo, hata sisi tulichanganya.

Ile miaka sisi tunaandika kuku, kuna wakili anaitwa Eric Gitari alikuwa anahangaika na bodi ya kusajili mashirika, anataka kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji na anataka hayo maneno yawe kwa jina, wazi. Alipeleka majina kadhaa, yote yakakataliwa. Akaenda kortini. Mahakama Kuu ikampa haki Aprili 2015, bodi ikakata rufaa, ikashindwa tena Machi 2019, ikapanda Mahakama ya Juu na tarehe 24 Februari 2023 ikashindwa mara ya mwisho, majaji watatu kwa wawili, wakasema kumkatalia mtu kusajili kikundi kwa ajili ya yule anayempenda ni ubaguzi. Mbunge mmoja akaenda kuomba kesi iangaliwe upya, Septemba mwaka huo huo ombi lake likatupwa. Yaani miaka kumi kortini, ya jina tu.

Lakini kile kifungu cha 162 cha sheria ya jinai, kinachotumika dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, kiko palepale, miaka 14 jela, Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Kwa hivyo una ruhusa ya kusajili kikundi cha watu ambao sheria nyingine inaweza kuwafunga kwa kupendana. Mnielewe basi tukiwa na wasiwasi.

Na huko kwetu Mombasa watu waliandamana Septemba hiyo ya 2023 kupinga hukumu ya Mahakama ya Juu, baada ya swala ya Ijumaa. Nilitumiwa video, nikaitazama mara mbili, mara ya pili nikamwona mtoto wa mamangu mdogo yuko kwa umati ana bango. Huyo mtoto nilimfundisha kusoma mimi. Nilizima simu nikaenda kuokota mayai.

Kitu kinachonichekesha ni kwamba hii ya kujikusanya chini ya jina lingine si ugeni kwetu. Nyanyangu alikuwa mwana lelemama, hiyo ngoma ya kina mama wa Mombasa ya zamani, sare moja, mashindano mtaa kwa mtaa, na ukimuuliza atakwambia ilikuwa ngoma tu. Ngoma gani! Ndiko walikochangiana harusi, ndiko walikozikana, mke akipigwa na mumewe ndiko alikokimbilia, na waume wakidhani wake zao wamekwenda kucheza. Halafu neno lenyewe, shoga. Pwani mwanamke akimwita mwenziwe shoga yangu maana yake rafiki yangu wa ndani, nimemwita mtu shoga yangu mbele ya shangazi zangu miaka minne, kwa sauti, na hakuna aliyegeuka. Nikifika Nairobi neno hilohilo ni tusi la wanaume. Mwanamume analiogopa, mimi nilikuwa nikijifunika nalo.

Na tukitaja wanaume. Wao walikuwa na mahali kabla yetu, na hili nalisema bila kinyongo, au kinyongo kidogo. Ukimwi ndio uliwaletea wafadhili, kukawa na vituo vya wao kupimwa na kupata dawa, daktari ambaye hakuhubirii, viti vya kukalia, chai, kondomu kwa boksi. Kazi kubwa, iliokoa watu, nina marafiki wako hai leo kwa sababu ya vile vituo. Sisi wanawake tukienda kuomba tunaulizwa kiwango chenu cha maambukizi ni ngapi, ukisema ni kidogo unaambiwa basi asante. Yaani ungekuwa mgonjwa zaidi tungekuona. Muungano wa vikundi vyote, GALCK, upo tangu 2006 na umetusaidia semina na mawakili, kule Mombasa kuna PEMA, shirika la wenzetu, ambao wanakaa chini na mashehe na mapasta wakiongea nao mmoja mmoja, kazi ambayo mimi nisingeweza, ningetupa kiatu. Lakini kodi ya mwezi haina mfadhili.

Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada na vile vituo vya wanaume vikaanza kufungwa. Kulikuwa na kijana mmoja amezoea kuchukua dawa zake mahali anapojulikana kwa jina lake, siku hiyo akakuta kufuli na karatasi. Wale wanaume wakatupigia simu. Tukakaa Jumapili tukahesabu na tukaona tunaweza nauli, tunaweza chakula, tunaweza kumsindikiza mtu hospitali ya serikali tukae naye kwa foleni, akiangaliwa vibaya tuangaliwe wawili. Dawa hatuwezi. Nawaambia hivyo kwa sababu kuna dada kwa kikundi anapenda kusema eti sisi tumesimama na wao wameanguka kwa sababu sisi tulitoa mia mbili zetu, na mimi namwambia mia mbili haijawahi kununua ARV, tusijisifu.

Mazishi. Nilikuwa nayakwepa.

Yule wa kidole tumbo ndiye aliyefariki, sio kwa tumbo, ni pikipiki, 2021 wakati wa kafyu. Watu wake ambao hawakumpigia simu miaka sita walifika mochari siku ya pili. Mwili wao, kaburi lao, programu yao. Tukakodi matatu ya watu kumi na nne, tukavaa leso za namna moja, tukaenda kama wafugaji wenzake, tukakaa nyuma. Mpenzi wake, miaka kumi na mmoja wako pamoja, kwa programu ameandikwa rafiki, ukurasa wa mwisho, na jina limekosewa herufi. Alikaa katikati yetu, mimi huku mweka hazina huku, tumembana hivi asianguke. Zikasomwa rambirambi, kanisa, majirani, halafu mama ya marehemu akasimama mwenyewe akasema nashukuru sana kikundi cha kuku kutoka Nairobi wameleta elfu arobaini na tano, sijui mwanangu alianza kufuga lini, alikuwa anaogopa kuku. Watu wakacheka. Na sisi tukacheka, na yule mjane wetu, kwa sababu ni kweli, alikuwa anaogopa kuku vibaya sana, alikuwa hakanyagi Utawala bila kijiti.

Mama huyo ana namba yangu. Sikukuu anatuma salamu, anauliza kuku wanaendeleaje. Sijui anajua nini na sijamuuliza.

Basi baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu tulipiga kura, tubadilishe jina tuandike sisi ni nani au tubaki. Wale wadogo walitaka tubadilishe na niliwaelewa, walilia wengine. Walisema tukifa tutaandikwa rafiki mpaka lini. Wale wakubwa walisema landilodi, kazi, watoto, manake wengine tuna watoto na watoto wako shule. Mimi nilibadilisha mawazo mara mbili nikiwa nimekaa kwa kiti kimoja. Kura tisa kwa kumi na nne, tukabaki kuku, na tumekubaliana kura ipigwe tena kila Desemba. Mwaka jana ilikuwa kumi na moja kwa kumi na mbili.

Naishia hapa, ni zamu yangu kupeleka chakula Utawala na gunia limepanda bei tena.

Binamu, Nairobi