Jibu: Je, «Malaika» ni wimbo wa furaha au wa huzuni?

Dada yangu, umeuliza kama inafaa kuupiga wimbo wa «Malaika» kwenye harusi ya mdogo wako hapa Malindi, ilhali shangazi yenu anashikilia kwamba ni wimbo wa huzuni. Kwa maoni yangu, shangazi ameusikiliza vizuri kuliko wengi wetu. Anayeimba ni kijana anayempenda msichana kwa dhati lakini hana mali, kwa hiyo anachoweza kumwambia ni kwamba angemuoa lau angekuwa nayo; hata ubeti unaomtaja kidege unarudi palepale kwenye ule ukosefu. Hakuna ndoa inayofungwa ndani yake.

Hata hivyo, wanaousikia kama wimbo wa furaha wana sababu. Baada ya Fadhili William kuurekodi na kuuvumisha (nani hasa aliyeutunga ni suala linalobishaniwa mpaka leo), Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba katika albamu yao ya mwaka 1965, na kundi la Boney M likautoa tena mwaka 1981, ukafika kwa wasikilizaji wasiojua Kiswahili, waliobaki na utamu wa sauti peke yake. Katika hoteli zetu za ufukweni huimbiwa wageni kwa tabasamu, nao hupiga makofi.

Ningekushauri uupige watu wanapokula, si bibi harusi anapotolewa, kwa sababu wakwe wanaoyafuata maneno watasikia habari ya mahari iliyokosekana.