JIBU: Ukurasa wa WAN usiuguse, anwani ya DVR ifunge upande wa ndani

Mkuu, kama hujabonyeza "Save", ondoa mkono kwenye hiyo mausi. Kama umeshabonyeza, weka chini hiyo pini unayotaka kuchomeka kwenye kitundu cha reset na usome kwanza.

Umesema DVR yako (kisanduku kinachorekodi picha za kamera) imechomekwa kwa waya kwenye ruta, umeme ukikatika inarudi na anwani nyingine ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao), na programu ya simu inabaki kulalamika kwamba kifaa hakipatikani. Umeuliza uchague namba gani, kisha ukatupia kwamba jioni utaingia ukurasa wa WAN, utoe PPPoE (njia ya ruta kuingia kwa kampuni kwa jina na nywila), uweke "Static IP" (anwani ya kudumu unayoiandika mwenyewe) kama ulivyoona kwenye video. Hilo la WAN ndilo limenifanya niache chakula mezani.

Ruta ina pande mbili. Upande wa ndani, LAN, ni wako. Anwani zinazoanza na 192.168 zimetengwa tangu miaka ya 1990 kwa matumizi ya ndani, pamoja na zile za 10 na zile za 172.16 hadi 172.31, na kila nyumba duniani inaruhusiwa kuzitumia bila kuomba kibali. Upande wa nje, WAN, si wako. Ile anwani ni ya kampuni inayokuuzia intaneti, wewe umepewa uitumie. Kujiandikia mwenyewe anwani ya WAN ni sawa na kujichapia namba ya gari nyumbani ukitegemea trafiki aikute kwenye kumbukumbu zake.

Sasa hiyo video. Kama si ile iliyonimaliza mimi basi ni ndugu yake, maana zote zimezaliwa tumbo moja. Jamaa ana maiki nzuri, muziki nyuma, anaanza na "ni rahisi sana wapendwa". Fungua tovuti inayokuonyesha anwani yako, nakili. Ingia WAN, badili PPPoE iwe Static IP, bandika. Mask (namba inayoonyesha ukubwa wa mtandao) 255.255.255.0. Gateway weka 192.168.1.1. Hifadhi. Na video inaishia hapo hapo! Haonyeshi hata ukurasa mmoja ukifunguka baada ya kuhifadhi. Mimi sikujiuliza kwa nini, nilikuwa naangalia idadi ya waliopenda.

Tazama huo upuuzi kwa karibu. 192.168.1.1 ni ruta yenyewe, kwa upande wake wa ndani. Gateway inayotakiwa kwenye WAN ni mlango wa kampuni, ule ambao ruta inaupitia kutoka nje. Ukiweka 192.168.1.1 umeiambia ruta kwamba ikitaka kutoka ijiulize yenyewe. Ruta yangu siku ile ilinizidi akili: ikatoa maandishi mekundu kwamba gateway na anwani haviko kwenye mtandao mmoja. Mwenye busara angeishia hapo. Mimi nikachukua ile anwani ya kwenye tovuti, nikafuta namba ya mwisho, nikaweka 1, nikaibandika kwenye gateway. Maandishi mekundu yakapotea. Nikajiona injinia. Cheti bado nakisubiri.

Taa ya intaneti ikawa nyekundu. Kilichonichanganya ni kwamba Wi-Fi ilikuwa imejaa, simu inaonyesha mistari yote, ukurasa wa ruta unafunguka bila shida, ila hakuna tovuti hata moja inayokuja. Ni kwa sababu Wi-Fi ni mambo ya ndani, na ndani hakukuwa na tatizo. PPPoE inafanya kazi hivi: ruta inatuma jina la mtumiaji na nywila, kampuni ikiridhika ndipo inatoa anwani. Mimi nilikuwa nimeiondoa hiyo hatua yote. Ruta ilikaa inatangaza anwani ambayo hakuna aliyeipa, mbele ya mtambo ambao haukuwa na habari nayo.

Na wale ambao laini zao hazina PPPoE, zinazopokea anwani kwa DHCP (kifaa kinapewa anwani chenyewe, huandiki kitu), msicheke. Kwenu inaweza kuonekana kama imekubali, kisha kampuni inampa mteja mwingine anwani hiyo hiyo na intaneti inaanza kukatika na kurudi, nanyi mnalaumu waya.

Lakini hasara yenyewe ilikuwa bado. Nikasema narudisha PPPoE, yaishe. Nimeichagua, visanduku vya jina na nywila viko vitupu. Hapo ndipo nilipotafuta pini. Nikabonyeza reset hadi taa zote zikawaka kwa pamoja, nikaamini ruta itarudi kama ilivyokuwa ilipofungwa. Ilirudi kama ilivyotoka kiwandani, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa! Jina na nywila ya PPPoE vimekwenda, namba ya VLAN (alama ya njia ya kampuni ndani ya waya) ambayo hata sikujua ipo imekwenda, jina la Wi-Fi limekuwa lile la kwenye stika, na kila simu, televisheni na printa ya nyumbani ikadai nywila upya. Nikapiga huduma kwa wateja. Nikaambiwa nizime ruta, nisubiri kidogo, niwashe. Nikapiga tena, nikapata mwingine, naye akaniambia nizime ruta.

Fundi alipokuja, kwa gharama zangu, aliandika jina, nywila na namba ya VLAN, na taa ikageuka kijani kabla hajakaa vizuri. Akauliza nani aligusa. Nikasema umeme.

Kwa hiyo shika hili moja: anwani ya kifaa cha nyumbani inafungwa isibadilike kwenye ruta, upande wa LAN, kwa MAC (namba ya utambulisho) ya kifaa hicho. WAN haihusiki kabisa.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta sehemu ya LAN au DHCP. Ndani yake kuna kitu kinachoitwa "Address Reservation", "Static Lease" au "IP & MAC Binding", kila mtengenezaji na jina lake. Fungua kwanza orodha ya vifaa vilivyounganishwa, itafute DVR, utaona MAC yake, herufi na namba 12 zilizogawanywa mbili mbili. Hakikisha inafanana na iliyo kwenye stika ya DVR au kwenye ukurasa wake wa mtandao, usije ukamfungia mtu simu yake. Namba ya kuchagua isikuumize kichwa, chukua ile ile iliyonayo DVR sasa. Hifadhi, zima DVR, washa. Ikirudi na namba hiyo hiyo, umemaliza.

Kama ulichagua namba nyingine na DVR ikang'ang'ania ile ya zamani, ingia kwenye DVR yenyewe uangalie kama DHCP imewashwa. DVR na kamera nyingi zinatoka kiwandani zikiwa na anwani iliyoandikwa kwa mkono, na hapo ruta haiombwi chochote, kwa hiyo utafunga hadi kesho. Weka tiki kwenye DHCP, hifadhi, washa upya.

Atakuja mtu hapa chini kusema andika tu anwani ndani ya DVR, mbona yeye anafanya hivyo. Sawa, inafanya kazi, kama utaitoa nje ya eneo ambalo ruta inagawa. Ruta nyingi zinagawa karibu kila kitu kuanzia .2 hadi .254. Ukiandika .20 kwa mkono, ruta haina habari. Siku DVR imezimwa, .20 inapewa simu ya mgeni. DVR ikiwaka, vifaa viwili vinagombea anwani moja, kamera zinaonekana na kupotea bila mpangilio. Ukifungia kwenye ruta, ruta inajua kwamba hiyo ina mwenyewe na haimpi mwingine.

Ukitaka kuzifungia na simu, kuna mtego: kuanzia Android 10 na iOS 14 simu zinajitungia MAC ya bandia kwa kila Wi-Fi. Zima hilo kwenye mtandao wa nyumbani kwanza. DVR haina ujanja huo.

Sasa, kuona kamera ukiwa mbali. Kufunga anwani ya ndani peke yake hakukuonyeshi kamera ukiwa nje. Kama programu yako inaunganisha kwa kuskani QR ya DVR, isajili kwa njia hiyo, maana haitegemei hata hiyo anwani. Tatizo lako linanukia mtu aliyeisajili kwa kuandika 192.168. Usikimbilie kufungua poti (mlango wa kuingilia kutoka nje) au kuitupa DVR kwenye DMZ (kuiacha wazi kwa intaneti nzima). Kirusi cha Mirai mwaka 2016 kilikusanya jeshi la kamera na DVR kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, na nina wasiwasi yako bado ni admin. Kama ruta yako ina VPN (njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa nyumbani kutoka nje), pitia huko.

Na ukihitaji kweli anwani ya nje isiyobadilika, inaombwa kwa kampuni na inalipiwa. Hata hapo, kwa laini nyingi za PPPoE, unabaki na jina na nywila zile zile, wao ndio wanaokupa anwani ile ile kila ruta ikiingia. Yaani hata ukiinunua huna sababu ya kugeuza hicho kitu kuwa "Static IP" mpaka wao wakuambie na wakupe gateway na mask kwa maandishi. Wao, sio jamaa mwenye maiki.

Kabla ya lolote, piga picha ukurasa wa WAN ulivyo sasa, na kama ruta ina sehemu ya "Backup" pakua faili lake. Nywila itaonekana vidoti kwenye picha, kwa hiyo iombe kwa kampuni leo ukiwa bado una intaneti ya kuombea.

Kisha nenda ukurasa wa "Status", usome anwani ya WAN, utuletee hapa namba mbili za mwanzo tu. Zikiwa 100 na chochote kati ya 64 na 127, uko nyuma ya CGNAT, unashiriki anwani ya nje na wateja wengine, na mpango wowote wa kufungua poti hautafika popote hata ukifuata video kumi.