Helmeti za baiskeli, na asilimia 12 yangu ya uongo

Kama ndiyo kwanza unaanza takwimu, usikimbilie kompyuta. Chukua karatasi, chora jedwali la vyumba vinne. Mimi nilijifunzia data ya Seattle, Marekani, iliyochapishwa 1989: waendesha baiskeli 793, wote walishapata ajali. Walioumia kichwa ni 235. 17 walivaa helmeti, 218 hawakuvaa. Ambao vichwa vyao vilisalimika ni 558. 130 walivaa, 428 hawakuvaa.

Jiulize: helmeti ingekuwa haihusiani kabisa na kuumia kichwa, kile chumba cha 17 kingekuwa na wangapi? Waliovaa jumla ni 147. Zidisha 147 kwa 235, gawanya kwa 793, unapata karibu 44. Vyumba vyote vinne vifanyie hivyo. Hizo ndizo namba zilizotarajiwa. Kila chumba, tofauti kati ya namba halisi na iliyotarajiwa ipandishe kipeo cha pili, igawanye kwa iliyotarajiwa, kisha jumlisha. Hiyo ndiyo kai-mraba. Hapa inatoka 28.3 hivi, na kizingiti cha asilimia 5, yaani namba ambayo bahati tupu huivuka mara 5 tu kwa 100, ni 3.84. Bahati huwezi kuisingizia tena.

Basi nikavimba kichwa. Nikagawanya 17 kwa 147, nikaandika kwa wino mwekundu: "Mvaa helmeti akianguka, uwezekano wa kuumia kichwa ni asilimia 12." Mwalimu akasoma, akauliza, "Hawa 235 na hawa 558, nani kaamua wawe wangapi?"

Nikabaki kimya. Walioamua ni watafiti. Majeruhi wa kichwa waliwapata hospitalini, na wa kulinganisha nao wakawatoa kwa wanachama wa mfuko wa afya waliowahi kuanguka na baiskeli. Wangechukua walinganishi mara mbili, asilimia 12 yangu ingeshuka hadi 6, na hakuna fuvu hata moja lililopona zaidi.

Kwa data ya namna hii zidisha kimshazari: 17 kwa 428, ugawanye kwa 130 mara 218. Huo ni uwiano wa odds: 1 maana yake helmeti haihusiani na kuumia, na kadiri unavyoshuka chini ya 1 ndivyo wavaaji wanavyoonekana kusalimika zaidi. Jibu ni 0.26, na walinganishi wakiongezwa maradufu linabaki lilelile. Kai-mraba yenyewe haikwambii ukubwa huo, inakwambia tu kwamba kuna kitu.

Halafu usisahau kuuliza wavaaji ni watu gani. Pengine ni watu wazima, waangalifu, wenye kipato. Wale watafiti walizingatia umri, jinsia, kipato, elimu, uzoefu wa baiskeli na ukali wa ajali. Nilidhani faida ya helmeti ingepungua. Uwiano ukatoka 0.15, yaani faida iliongezeka.