Kabla ya kununua kalamu, tazama kidole gumba chako

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, na zile picha mbili nimezitazama hapa barazani, nikizikuza na kuzigeuza mpaka simu ikaishiwa chaji. Umeniambia kwamba tangu uanze kusikiliza kesi kama hakimu huko Tanga mkono unakuuma ikifika saa nane mchana, na kwamba mwenzako kazini amekushauri uachane na biki uhamie kalamu ya wino, hizi za nibu, yaani zenye ncha ya chuma iliyopasuliwa katikati. Umeziona mbili dukani. Moja ni ya shaba, nzito, ina nakshi ya joka na klipu ya rangi ya dhahabu. Nyingine ni ya plastiki ya njano, Lamy Safari. Ukaniuliza: "Mama, wewe umekula chumvi na makalamu, nichukue ipi, na niangalie nini?"

Umefanya vizuri kuuliza kabla hujalipa. Miaka yote ya ukarani nimenakili miandiko ya mahakimu wa kila namna, na kalamu walizokuwa wakitumia nilikuwa nazijua kama navyojua sauti zao. Mwandiko wa asubuhi na wa jioni wa mtu yuleyule ulikuwa unaniambia kama kalamu yake inamsaidia au inampiga vita.

Biki inakuumiza kwa sababu wino wake ni mzito kama grisi, na ile gololi ndogo haizunguki mpaka uikandamize. Wino wa kalamu ya nibu ni maji yenye rangi. Nibu ikigusa tu karatasi, karatasi yenyewe inauvuta wino. Mkono hauna haja ya kukandamiza, kazi yake ni kuongoza tu. Ila faida hiyo utaipata pale tu umbo la kalamu litakapokuruhusu kuishika kwa kulegeza vidole. Kalamu ikikulazimisha kuibana, maumivu yatakuwa yaleyale, na hela umetoa nyingi zaidi.

Kwa hiyo joka liache kwanza. Anzia pale vidole vinapokaa.

Kalamu yangu ya kwanza niliinunua kwa mshahara wangu wa kwanza. Ilikuwa ya chuma king'aavu, niliipenda mpaka nikawa nailaza chini ya mto. Sehemu yake ya kushikia ilikuwa ya chuma hichohicho, nyororo kama kioo, na juu yake kidogo palikuwa na hesi za kufungia kifuniko, halafu ukingo mkali ambapo mwili wa kalamu unaanza. Dukani sikuyaona hayo. Niliyaona mwezi wa Oktoba, mvua bado, joto la Mwanza unalijua. Vidole vilitoa jasho, vikateleza, nikabana zaidi. Siku hiyo nilinakili hukumu ya kurasa 14. Nilipomaliza nikatazama kidole cha kati: hesi zimejichora pale, mstari juu ya mstari kama bati la nyumba, na ule ukingo umeacha bonde jekundu. Kilichokuja baadaye ni sugu, na unalijua, maana ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiligusa na kuniuliza kama linauma.

Sasa rudi kwenye picha ya ile ya shaba. Ikuze pale chini ya joka. Mshiko ni wa chuma kitupu, hesi ziko palepale kidole cha shahada kinapofika, na ukingo umesimama kama ngazi. Makosa yangu yote matatu yamekaa kwenye kalamu moja. Usiichukue, mwanangu, hata muuzaji akishusha bei.

Ile ya njano ni kitu kingine kabisa. Lamy ni Wajerumani, na Safari waliitoa mwaka 1980 wakiwakusudia watoto wa shule, kwa hiyo kila kitu mwilini mwake kina kazi. Mshiko una bapa mbili, moja ya kidole gumba na moja ya kidole cha shahada, ili mtoto ajue pa kushika bila kufundishwa. Klipu ni waya mnene uliokunjwa, inang'ang'ania hata jalada la faili. Ubavuni kuna kidirisha cha kuona wino uliobaki, na wewe unakihitaji, maana shahidi akiwa katikati ya maneno ya maana si wakati wa kugundua kalamu imekauka. Mwili umebanwa pande mbili, ukiilaza mezani haibingirii. Hilo dogo, lakini kalamu ya mviringo isiyo na klipu ikianguka sakafuni hutangulia nibu, na nibu ikishapinda ndiyo basi.

Ningekuambia uichukue leo hii, isipokuwa nakujua mkono wako. Wewe tangu darasa la pili unapitisha kidole gumba juu ya kidole cha shahada, unakifunika kabisa. Mwalimu wako alijaribu kukurekebisha, mimi nikajaribu, wote tukashindwa, na mwandiko wako ukatoka mzuri vilevile. Sasa zile bapa za Safari zimekatwa kwa ajili ya mtu anayeshika kwa ncha za vidole. Wewe ukishika kwa namna yako, ukingo wa bapa utaingia kwenye pingili ya gumba. Kwa ukurasa mmoja hutausikia, kwa kurasa kumi utausikia.

Fanya hivi uhakikishe. Leo ukikanda chapati, kata donge la unga ukubwa wa limau, livingirishe kwenye biki yako pale unaposhikia. Shika, andika mistari miwili ya kawaida, kisha fungua vidole taratibu bila kulivuruga. Donge litakuwa limebeba alama: gumba limelala wapi, shahada umefika umbali gani kutoka kwenye ncha, na umebana kiasi gani. Nimejaribu hapa kabla ya kukuandikia. Alama zangu ni vishimo vitatu vinavyoelekeana, na cha gumba na cha shahada vimekaa sawasawa na zile bapa mbili za Safari. Naamini chako cha gumba kitakuwa mfereji uliokatiza juu. Kikiwa hivyo, tafuta mshiko wa mviringo, mrefu, unaopungua unene taratibu kuelekea kwenye nibu, usio na hesi wala ngazi. Basi.

Umbo la namna hiyo lipo tangu zamani. Parker waliitoa kalamu yao ya 51 kule Marekani mwaka 1941, nibu imefichwa ndani ya mshiko, imebaki ncha tu nje kama kobe anayechungulia. Walifanya hivyo ili nibu isikauke, maana waliitengeneza iendane na wino unaokauka upesi. Lamy nao wana ile inayoitwa 2000, ya mwaka 1966, ambayo mpaka leo inauzwa bila umbo lake kubadilishwa sana. Mshiko na mwili vimeungana, hujui kimoja kinaishia wapi. Hiyo ni ghali, tuiache kwa sasa. Wachina wakatengeneza Hero 616 kwa sura ya ile Parker, kwa bei ya mtu wa kawaida, na hiyo ndiyo niliyomalizia nayo kazi. Kwa mkono kama wako, umbo hilo ndilo ninaloliamini.

Kifuniko nacho kisikupite. Wewe si mtu wa kukaa ukaandika saa nzima mfululizo. Shahidi anajibu, unaandika. Wakili anasimama, unaacha. Kielelezo kinaletwa, unaacha tena. Ukiiacha wazi kila mara, nibu inakauka na neno la kwanza linatoka nusu. Kifuniko cha hesi kinataka uzungushe kila ukifungua na kila ukifunga, na utachoka, utaanza kukiacha wazi. Kwa kazi yako chukua cha kuchomoa na kuchomeka, kinachotoa "taa!" kikikaa. Ukiwa dukani kifunge, kisha kitikise kidogo. Kikicheza, hewa inaingia, na wino utakaukia humo ndani hata kalamu ikiwa mkobani.

Uzito pia. Safari ina gramu 17 hivi, hiyo ya shaba inaweza ikafika mara mbili yake. Ila uzito peke yake si kitu, kitu ni umekaa wapi. Unayakumbuka mawe ya Bismarck pale ziwani, lile la juu lilivyosimama wima mawimbi yakipiga chini na upepo ukivuma? Ni zito, lakini uzito umeangukia pale panapoubeba. Chomeka kifuniko nyuma ya kalamu kisha ilaze kwenye bonde la mkono kati ya gumba na shahada, ulegeze vidole. Ikikuvuta kwa nyuma, utaandika siku nzima ukipambana kuirudisha mbele.

Nibu niieleze polepole, maana wengi wanatazama rangi ya dhahabu tu. Ncha yake ina kitone cha madini magumu kilichochomelewa, na hicho ndicho kinachogusa karatasi. Kitazame kwenye mwanga: mpasuo uwe umekigawa katikati, nusu mbili ziwe sawa kama mbegu ya choroko iliyopasuliwa. Nusu moja ikiwa juu ya mwenzake, kalamu itakwaruza. Halafu geuza utazame chini yake. Utaona kipande cheusi chenye mapezi membambamba yaliyopangana. Ukiwahi kufunua shavu la sato ukaona matamvua yake, umekiona. Samaki anapitisha maji humo akivuta hewa, na kalamu inafanya jambo la jamaa yake: wino unashuka kwenye mfereji mwembamba, hewa inapanda kuchukua nafasi yake, na wino ukizidi mapezi yanaushikilia usidondoke kwenye karatasi. Lewis Waterman alipata hataza ya kalamu yenye mfereji wa kushusha wino na kupandisha hewa namna hiyo huko Marekani mwaka 1884, na kalamu tunazotumia leo zinafuata kanuni hiyohiyo.

Mapezi hayo yana mpaka wao. Ukipanda kutoka Tanga, usawa wa bahari, ukaja huku ziwani ambako ni zaidi ya mita 1,100 juu, hewa iliyomo ndani ya kalamu inatanuka na kuusukuma wino nje. Kwenye ndege ndiyo zaidi. Safiri nayo ikiwa imejaa kabisa au tupu kabisa, nibu ikitazama juu.

Kuhusu upana, chukua F, nyembamba. Karatasi za ofisi ni nyepesi, nibu ya M, ya upana wa wastani, itasambaza wino na kutokeza upande wa pili, nawe unahitaji pande zote mbili. Ukikuta za Kijapani, kama Pilot, ujue F yao huwa nyembamba kuliko F ya Wazungu. Chukua karatasi ya kazini kwako uende nayo dukani, uombe kuichovya kalamu na uandike humo. Kidaftari kizuri cha muuzaji hakitakuambia ukweli.

Mwisho wino, na hapa nakuomba unisikilize kama karani na si kama mama tu. Katika mahakama moja niliyofanyia kazi paa lilivuja usiku kwenye chumba cha majalada. Faili la shauri la shamba lililowa. Kurasa zilizoandikwa kwa biki zilikuwa na makunyanzi lakini zilisomeka. Kurasa za hakimu aliyetumia wino wa bluu wa kufulika zilikuwa zimegeuka wingu la samawati, na humo ndimo ulimokuwa ushahidi wa mzee mmoja aliyekwisha kufariki. Nilizipeleka dirishani, nikaziinamisha hivi na vile nikitafuta hata mkwaruzo. Nibu nzuri haikandamizi, kwa hiyo hata mkwaruzo haukuwepo. Maneno ya mzee yule hayakurudi. Chupa ikiandikwa kwamba wino wake unafulika, iwekee barua zako za nyumbani. Kwa mwenendo wa kesi tafuta wino usioogopa maji, uliotengenezwa kwa kalamu za nibu, na ukiupata uisafishe kalamu kwa maji mara kwa mara, maana wino unaoshika karatasi hivyo hushika na mabomba ya kalamu. Ule wino mzito wa wachoraji usiuguse, utaiziba.

Najua utasema hiyo Hero huko haipatikani. Nimeitoa kabatini jana. Nimeisafisha kwa maji, nikabinya kile kifuko chake cha mpira mara nyingi mpaka maji yakatoka meupe, nikaikausha kwenye kanga. Klipu imelegea kidogo na kifuniko kina kibonyeo, hicho ulikifanya wewe kwa meno ukiwa na mwaka mmoja na nusu. Nibu haina neno. Nitaikabidhi kwa basi la Ijumaa pamoja na dagaa wa Mwaloni, ila vifurushi mbalimbali, usiogope. Itumie wiki mbili kazini, na donge la unga ulipige picha unitumie. Kama gumba litakuwa limetulia, kalamu ni yako na fedha zako zinunue chupa ya wino mzuri. Kama halijatulia, nieleze linapouma ni pingili ipi.

Mama yako

N.B. Ukibinya kifuko kuvuta wino, zamisha nibu yote mpaka mshiko uguse, hesabu hadi kumi kabla ya kuitoa. Ukiharakisha, inavuta hewa tu.